KABEJI YENYE TUNDU



Kila jioni katika soko la Muthurwa huonekana jambo hili: mnunuzi huigeuza kabeji mara mbili, akaona tundu dogo katika jani, akairudisha na kuchagua nyingine isiyo na alama yoyote. Hapana wa kumlaumu, maana kila mtu ataka kitu kizuri kwa fedha yake. Lakini yatupasa tujue kuwa chaguo letu sokoni lafika hata shambani.

Mwenye kulitoboa jani lile ni kiwavi wa nondo mdogo ambaye, akikunja mabawa yake, huonyesha mgongoni alama mfano wa almasi. Kiwavi huyu ni sugu. Mwaka 1953, huko Java, ilionekana kuwa amekwisha kuizoea dawa ya DDT, na baadaye amezizoea nyingine nyingi. Mkulima akiona dawa haifai, huongeza kipimo. Kumbe huwaua wale waliokuwa wakimsaidia bila ujira!

Mmoja wa wasaidizi hao ni nyigu mdogo sana, asiyemdhuru mtu. Jike humtafuta kiwavi juu ya jani, akataga yai ndani ya mwili wake. Funza atokaye katika yai humla kiwavi toka ndani, hata badala ya nondo akatoka nyigu mwingine. Mwaka 2002 wataalamu wa ICIPE, taasisi ya elimu ya wadudu iliyoko Kasarani, Nairobi, walimwachilia nyigu wa namna hii, aliyetoka Taiwan, katika milima ya Taita, kisha upande wa Limuru. Akakaa, akazaa, na hasara ya kabeji ikapungua.

Wala jambo hili si jipya kwetu. Tangu miaka ya 1920 mikahawa ya Kenya ilisumbuliwa na vidudu vyeupe, kama vilivyopakwa unga, vinyonyavyo maji ya mti, navyo vililindwa na sisimizi waliopenda utamu wao. Mwaka 1938 maadui wa vidudu hivyo waliletwa kutoka Uganda, na baada ya miaka kadhaa taabu ile ilitulia. Lakini katika miaka ya 1950 na 1960, dawa kali ziliponyunyizwa, wadudu wengine wa kahawa waliokuwa wachache wakawa wengi, kwa kuwa waliokuwa wakiwala walikufa.

Basi, sisi wakaaji wa mjini tufanye nini? Kwanza, tusiione kabeji kuwa mbovu kwa tundu moja la jani la nje, ambalo hata hivyo hutupwa. Pili, mwenye kibustani cha sukuma wiki asikimbilie dawa aonapo mdudu mmoja. Na aache maua machache kando, kwa maana nyigu hawa hunywa utamu wa maua.

Mkulima hulima apendavyo mnunuzi. Tukikataa kila jani lenye alama, ni kama tumemwagiza anyunyize dawa. Na akivuna kabla siku za dawa hazijaisha, dawa hiyo huja hata sufuriani, na watoto wetu ndio walao.