Kabla ya kumchangia mtoto kununua studio New York

Ombi la namna hii siku hizi huja kwenye simu. Mtoto anayefanya kazi New York ameona studio inauzwa Jackson Heights, mtaa ulio Queens. Amechoka kulipa kodi ya nyumba, naye anaomba wazazi wamwongezee malipo ya awali. Picha zinapendeza: chumba kimoja chenye jiko pembeni na bafu lake, dirisha linatazama bustani, kituo cha treni kiko karibu. Chini ya bei kuna neno dogo, co-op, ambalo wazazi wengi hulipita bila kulisoma. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Co-op ni nyumba ya ushirika. Mnunuzi hapati hati ya chumba. Jengo zima ni mali ya kampuni, na anachonunua ni hisa za kampuni hiyo, ambazo humpa mkataba wa kukaa katika chumba fulani. Mzazi aliye mwanachama wa SACCOS ataelewa haraka: kuna wanachama, kuna bodi waliyoichagua, kuna mkutano wa mwaka, na kuna masharti ambayo mgeni anayakuta.

Utaratibu huu si mpya huko. Mwaka 1916, wahamiaji kutoka Finland walijijengea nyumba ya ushirika Sunset Park, Brooklyn, wakaiita Alku, yaani mwanzo. Mwaka 1927 chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kilifungua nyumba zake Bronx. Jackson Heights nako kuna majengo ya ushirika yenye umri wa takriban miaka mia moja, yaliyojengwa kuzunguka bustani za pamoja.

Bei ya hisa si gharama yote. Kila mwezi mwanahisa hulipa ada ya jengo, ambayo hugharamia kodi ya majengo, mishahara ya wafanyakazi, maji, joto la wakati wa baridi, na mara nyingi deni la benki ambalo kampuni yenyewe inadaiwa. Tuseme studio inauzwa dola 280,000 na malipo ya awali ni asilimia 20. Hizo ni dola 56,000. Ada ikiwa dola 800 kwa mwezi, mwaka mzima ni dola 9,600, na hapo rejesho la mkopo bado halijahesabiwa. Ada hiyo hupanda. Paa likivuja au mtambo wa joto ukifa, na akiba ya jengo ikawa ndogo, wanahisa hutozwa mchango wa ziada.

Kisha kuna bodi. Huomba taarifa za benki, za kodi ya mapato na barua za watu wanaomfahamu mnunuzi, halafu humwita kwa mahojiano. Inaweza kumkataa bila kumweleza sababu, ingawa sheria inakataza kumbagua mtu kwa rangi, dini au nchi aliyotoka. Bodi nyingi hutaka mnunuzi abaki na akiba baada ya kulipa. Kwa hiyo kijana aliyekusanya kila senti, ya kwake na ya wazazi, anaweza kufika mbele ya bodi na kukataliwa kwa sababu amebaki mikono mitupu.

Jambo linaloleta ugomvi zaidi katika familia ni jina la fedha hizo. Benki ya Marekani inayotoa mkopo wa nyumba, ikiona fedha zimetoka kwa wazazi, kwa kawaida hudai barua inayosema kuwa ni zawadi na hazitarudishwa. Baba na mama wakisaini barua hiyo, huku nyumbani wameshakubaliana kuwa ni mkopo, au kwamba studio ni "ya familia", wameidanganya benki. Pia wamejinyima haki ya kuzidai siku mtoto atakapooa, kuolewa au kubadili mawazo. Hisa ni za yule ambaye jina lake limeandikwa.

Masharti ya jengo nayo hayajui mipango ya ukoo. Majengo mengi hukataza kupangisha au huruhusu kwa miaka michache tu. Kijana akipata kazi mji mwingine, au akirudi nyumbani, hawezi tu kumweka mpangaji na kutuma kodi. Akitaka kuuza, mnunuzi wake naye lazima apite kwa bodi. Na mdogo wake aliyeahidiwa kufikia hapo akienda kusoma atakuta chumba kimoja, na huenda akakuta pia kanuni kuhusu nani anaruhusiwa kuishi humo.

Haya yote hayamaanishi kwamba ombi likataliwe. Kwa kijana mwenye kazi ya kudumu anayetarajia kukaa miaka mingi, studio ya ushirika inaweza kuwa njia ya kupata makao yake katika jiji ghali. Ila mwanasheria wake mwenyewe asome hesabu za jengo na kumbukumbu za vikao vya bodi kabla ya kusaini, na ahakikishe mkataba unarudisha amana endapo bodi itakataa.

Huku nyumbani, wazazi waamue kiasi wanachoweza kutoa bila kukitegemea tena. Ikiwa lazima kiwanja kiuzwe, au ada ya chuo ya wadogo zake iguswe, hao wadogo waambiwe mapema na wasikilizwe. Fedha zikitoka kama zawadi, ziitwe zawadi mbele ya watoto wote.