Bamvua na Maji Mafu: Sayansi Tuliyoiacha Ufuoni

Wahenga walinena kwamba maji yakijaa hupwa. Methali hii tumeichambua mara nyingi katika mihadhara ya fasihi simulizi, mara ikawa onyo kwa mwenye cheo, mara faraja kwa mwenye dhiki. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mmoja wetu akiuliza swali la kitoto: kwani maji hupwa kwa nini?

Kwetu Matuga swali hilo si la mzaha. Katika ufuo wa Tiwi, anayetafuta pweza miambani hana budi kuijua saa ya maji kabla ya saa ya ukutani. Na pale kivuko cha Likoni, maji yakipwa sana, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na msukuma mkokoteni husomeshwa fizikia kwa jasho lake.

Kiswahili kimeyapanga maji hayo kwa makini. Bamvua ni siku ambazo maji hujaa mno na kupwa mno. Maji mafu ni siku ambazo bahari husitasita, haijai sana wala haipwi sana. Katika mwambao wetu, tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu ni mita 1 hivi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa nyakati hizo dunia, mwezi na jua hukaa katika mstari mmoja. Nguvu ya jua ya kuyainua maji, ambayo ni karibu nusu tu ya ile ya mwezi, huungana na ya mwezi. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvuta upande wake, na bahari ikapoa.

La ajabu zaidi ni hili. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kurudi utosini. Lakini kupwa kwa bamvua asubuhi, kwetu huangukia saa nne au saa tano, bamvua baada ya bamvua. Si uchawi. Kila bamvua mwezi huwa umejipanga tena sambamba na jua, na saa zetu twazihesabu kwa jua.

Galileo, pamoja na ubingwa wake wote, aliandika mwaka 1632 kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mwendo wa dunia, akaukataa mwezi katakata. Mzee yeyote wa Tiwi angalimkaribisha mkekani, akamwomba asubiri mwezi mpevu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1687 ndipo Newton alipoeleza nguvu ya mvuto.

Wapo watakaosema kuwa kujua neno si kujua sayansi. Wasemavyo ni kweli: bamvua ni jina, si maelezo. Lakini maelezo huanzia hapo, mtu anapotofautisha jambo na jambo na kulipa kila moja jina lake. Ajabu ni kwamba mtoto wa Matuga, aliyekua na maneno haya mdomoni, hufundishwa darasani kwa Kiingereza kuhusu bahari iliyo nyuma ya nyumba yao, akaikariri kama nchi ya kigeni. Akishindwa, huambiwa kuwa sayansi ni ngumu.

Nionavyo mimi, lawama nyingine ni yetu sisi wana-Kiswahili. Twakesha tukibuni istilahi za kompyuta, na si vibaya. Ila istilahi za bahari, zilizokwisha kubuniwa na kujaribiwa majini, twawaachia wavuvi wazeeke nazo. Hata neno pwani tunalijadili kama kielezi cha mahali, tukasahau kuwa limetokana na kupwa: ni pale maji yanapopwa.

Basi atakayetafuta mada ya tasnifu na ashuke ufuoni na daftari. Aulize majina ya maji, ya pepo na ya miamba, kisha aulize sababu. Wahadhiri wetu nao wasimrudishe kwa hoja kuwa hiyo si fasihi. Na akienda, aangalie mwezi kwanza; daftari halijui kuogelea.