Kovu la Upasuaji Lisisahaulike

Mama anapotoka hospitalini baada ya kujifungua kwa upasuaji, jamaa hushusha pumzi. Mama yu hai, mtoto yu hai, basi mambo yamekwisha. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Hatari ya kisu haiishii siku ya kutolewa nyuzi. Humfuata mama hadi mimba nyingine.

Isieleweke kwamba tunapinga upasuaji. Mtoto akilala kikingamo, au kondo likiziba mlango wa uzazi, kisu huokoa roho mbili. Lakini hata kisu kinachookoa kina madhara yake. Mama huweza kuvuja damu kupita kiasi, kujeruhiwa kibofu, kudhuriwa na dawa ya usingizi, au kidonda kikatunga usaha. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mama mmoja hivi kati ya 200 waliopasuliwa alifariki dunia. Kiwango hicho ni mara 50 ya kile cha nchi tajiri.

Sasa tazama Migori na Homa Bay. Kandokando ya Ziwa Victoria malaria ipo mwaka mzima, nayo humpunguzia mama mjamzito damu. Anayelazwa juu ya meza ya upasuaji akiwa na damu haba hana akiba ya kupoteza. Mama wa kisiwa cha Mfangano huanza safari ya hospitali kwa mashua. Huko Kuria ukeketaji haujakoma, ijapokuwa sheria ya mwaka 2011 inaupiga marufuku. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, ambao ulihusisha Kenya, ulibainisha kwamba waliokeketwa, hasa waliokatwa sana, hupasuliwa na kuvuja damu zaidi wanapojifungua.

Tuje kwenye kovu lenyewe. Mfuko wa uzazi ulioshonwa unaweza kupasuka wakati wa uchungu. Kwa mwenye kovu moja la kukingama sehemu ya chini ya mfuko, jambo hilo humpata mama mmoja hivi kati ya 200 wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Kwa aliyekatwa wima, hatari ni kubwa zaidi. Mfuko ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo bila kuonekana nje, na mtoto hubakiwa na dakika chache tu. Tena, kila upasuaji unaoongezeka huzidisha uwezekano wa kondo kunasa kwenye kovu, hata pengine mfuko wa uzazi ukalazimika kuondolewa.

Hii haina maana kwamba aliyepasuliwa mara moja lazima apasuliwe tena. Wengi huzaa salama kwa njia ya kawaida. Ila wazalie penye chumba cha upasuaji na damu, si kwa nyamrerwa kijijini wala katika zahanati isiyo na daktari wa kupasua.

Wewe msomaji uliye mjini, huenda una dada, mke au mkaza mwana huko Ndhiwa, Rongo au Mbita. Muulize: je, alipewa barua ya hospitali inayoeleza kwa nini alikatwa na namna alivyokatwa? Je, imeandikwa katika kijitabu chake cha Mama na Mtoto? Mshauri akae angalau mwaka mmoja na nusu kabla ya kushika mimba nyingine. Akishashika, ahudhurie kliniki mapema, apimwe damu, ameze vidonge vya kuongeza damu na alale ndani ya chandarua. Siku zikikaribia, asogee kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Nauli unayoituma mapema ni ndogo kuliko mchango wa mazishi.

Serikali za kaunti nazo zisijifiche nyuma ya majengo mapya. Tangu mwaka 2013 afya imo mikononi mwao. Chumba cha upasuaji kisicho na damu, wala mtaalamu wa dawa ya usingizi usiku wa manane, ni mtego kwa mama. Na damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wako na wangu. Tukatoe kabla hajaihitaji mtu wetu.