Hesabu ya Kongo iletwe mezani

Usiku na mchana, Barabara ya Mandela inapopita Buguruni hujaa malori ya bandarini. Yanaelekea Ubungo, Chalinze na Tunduma, na mengi hayaishii mpakani: yanavuka Zambia mpaka Lubumbashi na Kolwezi, kisha yanarudi na shaba. Kariakoo nako, muuza vitenge au vipuri anamjua mteja wake Mkongomani kama anavyomjua wa Mbagala. Ndiyo maana mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 na JWTZ ikatangaza vifo vya askari wetu wawili, habari hiyo haikupokelewa vijiweni kama mambo ya mbali. Watu waliuliza: vijana wetu wanafia nini kule? Majibu yaliyotawala yalikuwa mawili. Wapo waliosema Afrika ni moja, na kwao mjadala ukaishia hapo. Wapo waliosema Wakongomani wapigane vita vyao wenyewe, sisi tuna mitaro yetu ya kuzibua. Sikubaliani na jibu lolote kati ya hayo. Ninaamini kulisaidia taifa lililo vitani kunaweza kustahili gharama, tena gharama nzito, na nchi hii imewahi kulithibitisha hilo. Lakini anayelipa ana haki ya kuambiwa analipia nini, kiasi gani na hadi lini. Kwa Kongo, haki hiyo imepuuzwa.

Uthibitisho ninaousema uko jirani kabisa. Stesheni ya TAZARA iko barabara hiyohiyo ya Mandela inapokutana na ya Nyerere, mwendo mfupi kutoka Buguruni. Reli yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili Zambia isiendelee kutegemea njia zilizoshikwa na walowezi wa Rhodesia na Wareno. Reli hiyo ilikuwa kipande kimoja tu cha mzigo. Desemba 1965, mwezi mmoja baada ya Ian Smith wa Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza iliyoshindwa kumzuia na ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, fedha nyingi mno kwa nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam tangu 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa katika jiji hili Juni 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane akauawa kwa bomu la kifurushi katika jiji hilihili Februari 3, 1969. Wapigania uhuru walipewa ardhi na makambi Kongwa, Nachingwea na Mazimbu. Na waliolipa zaidi hawakuwa watu wa Dar es Salaam. Walikuwa wakulima wa vijiji vya kando ya Ruvuma, ambao makombora na mabomu ya kutegwa ya Wareno yaliwakuta mashambani, katika vita ambavyo kwa jina havikuwa vyao.

Je, ilistahili? Msumbiji ilijitawala 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na Afrika Kusini ikapiga kura ya watu wote 1994. Ukitafuta faida ya fedha utaikosa. TAZARA yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikihangaika kubeba mizigo inayoitosha kujiendesha. Lakini msaada ule haukutolewa kama mtaji wa biashara, na kuupima kwa faida ya fedha ni kuukosea. Lengo lake lilikuwa kuondoa utawala wa wachache kusini mwa bara hili, na lengo hilo lilitimia likaonekana kwa macho. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba taifa maskini linaweza kubeba mzigo wa wengine na likawa halikupoteza.

Ushahidi huohuo, ukisomwa vizuri, unaeleza pia kwa nini tulifaulu. Wenye vita walikuwa mstari wa mbele wao wenyewe. Sisi tuliwapa mahali pa kusimama. Lengo lilikuwa wazi kiasi cha mtu yeyote sokoni kulieleza. Na mwisho ulijulikana: siku bendera ya mkoloni inaposhuka, kazi imekwisha. Sharti moja likikosekana, nia njema peke yake haisaidii. Aprili 13, 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, taifa la mbali lililojitenga na Nigeria na lililokuwa likiteketea kwa njaa na mabomu. Huruma ile ilikuwa ya kweli, lakini Tanzania ilijikuta ikipingana na wanachama wengi wa OAU, na Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. Unaweza kuuona uamuzi ule kuwa kosa, na wapo wanaouona hivyo mpaka leo. Jambo ambalo huwezi kulidai ni kwamba ulifanyika kimyakimya: serikali ilitoa maelezo marefu ya maandishi, ikataja sababu zake, ikakubali kubishiwa na dunia nzima.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema enzi za chama kimoja hakuna aliyeulizwa kama anataka kulipa, na kwamba ninapamba zama ambazo mtu angeweza kuwekwa kizuizini kwa kusema asichotakiwa kusema. Pingamizi hilo ni la kweli na silipunguzi. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, Watanzania waliambiwa wapigane, na baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979 wakaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Gharama ya vita vile inakadiriwa kufikia dola milioni 500, na waliopanga foleni za sabuni na sukari katika miaka iliyofuata wanajua kwamba miezi 18 haikuishia miezi 18. Hawakupiga kura, lakini walielezwa kwa sauti ya juu, redioni na kwenye mikutano, kwa nini nchi inaingia vitani. Maelezo si ridhaa, na tulistahili vyote viwili. Inasikitisha basi kwamba leo, tukiwa na vyama vingi na Bunge linaloonyeshwa kwenye runinga, tunapata maelezo machache kuliko waliyopata wazazi wetu chini ya chama kimoja.

Tuitazame Kongo yenyewe. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu ya mashambulizi ndani ya MONUSCO, ujumbe wake wa kulinda amani Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali wa kwetu, James Mwakibolwa. Novemba mwaka huohuo M23 walishindwa na kukimbilia nje ya nchi. Kama kikosi kile kingeondoka wakati ule, pengine leo tungekitaja pamoja na Nachingwea. Hakikuondoka, kwa sababu makundi mengine yenye silaha yalikuwepo na lengo likapanuka bila kikomo. Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa katika tukio moja. M23 walirudi upya mwishoni mwa 2021. Desemba 2023 tukaingia tena, safari hii chini ya bendera ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Aprili 2024 kombora liliua askari wetu watatu. Januari 2025 Goma ikaanguka, na Machi 13 wakuu wa SADC wakaufunga ujumbe ule. Juni mwaka huo Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano ya amani Washington.

Ukiiweka hadithi hii kando ya ile ya ukombozi, tofauti haiko kwenye umbali. Goma na Bukavu wanazungumza Kiswahili, na vita vyao vimetuletea wakimbizi Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996; hata tusipotuma askari, tunalipa. Tofauti haiko kwenye haki pia, kwa maana raia wa Kivu anayefukuzwa kijijini kwake anadhulumiwa vilevile kama Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, alivyodhulumiwa na Wareno. Tofauti iko kwenye lengo. Msumbiji tuliijua siku ya mwisho itakavyokuwa. Kongo, jeshi la serikali tunalolisaidia limo katika ushirika na wanamgambo wa kila aina, madini yanagombewa na pande zote, na hakuna aliyewahi kumweleza Mtanzania ushindi utatambulikaje. Hata hoja ya biashara, inayopendwa sana na watetezi wa msafara ule, ina upungufu: malori ya Mandela yanakwenda Katanga, kusini, mbali na mapigano ya Kivu. Anayesema askari wanalinda riziki ya Kariakoo anapaswa kuonyesha njia ambayo shaba ya Kolwezi inapita Goma. Haipiti.

Na fedha je? Hapa mkanganyiko ni mkubwa. Askari anapotumwa chini ya Umoja wa Mataifa, nchi yake hurejeshewa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari. Kwa hiyo anayesema fedha za brigedi ya 2013 zingechimba mitaro ya bonde la Msimbazi hajakosea moyo, amekosea hesabu. Chini ya SADC mambo ni tofauti, kwa sababu mzigo unarudi kwa nchi wanachama. Mwananchi asiyeelezwa tofauti hiyo hawezi kuunga mkono wala kupinga kwa akili; atabaki kushangilia au kulaumu. Tazama walivyofanya wenzetu. Katiba ya Afrika Kusini inamtaka Rais aliarifu Bunge mapema anapotuma jeshi: sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Februari 2024 Cyril Ramaphosa aliliandikia Bunge lake kwamba anapeleka askari 2,900 Kongo na kwamba gharama ni zaidi ya randi bilioni 2. Barua ile haikuzuia vifo. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 Januari 2025 pekee. Lakini majeneza yalipofika, wabunge walikuwa na idadi, muda na bei mkononi, na waziri wa ulinzi akahojiwa kwa takwimu hizo.

Hoja ya siri za jeshi itatajwa, na kwa mambo ya mbinu ni hoja nzuri. Hakuna mwenye busara anayetaka kujua kikosi kitalala wapi kesho. Ila sababu, idadi ya jumla, muda na bajeti si siri za medani. Jeshi la Afrika Kusini lilikuwa kwenye mahandaki hayohayo, na serikali yake ilizitoa. Nyingine ni hoja ya utovu wa shukrani. Watu hukumbusha kwamba mwaka 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, wengi wao Waafrika wenzao, na huuliza ukombozi ulitufaa nini. Uchungu huo ninauelewa. Hata hivyo, tuliwasaidia kwa sababu ubaguzi ulikuwa dhuluma, na dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyeokolewa hakusema asante.

Ibara ya 44 ya Katiba yetu inataka Rais akitangaza hali ya vita, nakala ya tangazo ifike kwa Spika na Bunge liitishwe ndani ya siku 14. Kutuma askari kwenye ujumbe wa SADC au wa Umoja wa Mataifa hakuhesabiwi kuwa kutangaza vita, kwa hiyo mlango huo haufunguki, ingawa anayerudi amefunikwa bendera amekufa vilevile. Pengo hilo linazibika kwa sheria fupi: kila kikosi kinachovuka mpaka, Bunge liambiwe ndani ya siku hizohizo 14 kinakwenda kufanya nini, kina watu wangapi, nani anakilipia na kitarudi lini, na kikitaka kuongezewa muda ombi lipigiwe kura. Mbunge wa Ilala, wa Temeke au wa Mtwara aweze kusimama na kuuliza, kisha jibu liingie kwenye kumbukumbu rasmi. Ombi lijalo la askari litakuja, kutoka Kongo au kwingine. Nitakuwa tayari kuliunga mkono likiwa na lengo na tarehe, na kwa familia zilizozika vijana wao kutoka Semuliki na Goma, serikali ianze kwa kuchapisha hesabu ya tulikotoka.