Damu Isiyokoma Haingoji Kesho

Akina mama wapenzi, nanyi akina baba mnaosomewa gazeti hili jioni, leo sikilizeni vizuri. Tutasema habari za damu ya wanawake. Katika vijiji vyetu vya Kasulu na Kibondo jambo hili husemwa kwa kunong'ona, na kwa sababu ya aibu hiyo wengine hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Aibu haijamponya mtu.

Kwanza hedhi. Damu ya hedhi ina kipimo chake. Siku tatu, nne, hata saba, si neno. Lakini ikipita siku saba, au msichana akilazimika kubadili kitambaa kila saa moja au mbili, au akitoa mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 200, basi imezidi. Usimwambie, "Vumilia, ndivyo tulivyo wanawake." Mwezi baada ya mwezi damu hupungua mwilini. Anachoka shambani, anaona kizunguzungu, na moyo unamwenda mbio apandapo kilima na ndoo ya maji.

Sababu ni nyingi: uvimbe katika tumbo la uzazi, mimba kuharibika, ugonjwa wa mlango wa kizazi. Mama aliyekwisha koma hedhi akiona damu tena, hata kidogo, aende hospitali. Tena iko sababu isiyojulikana na wengi: damu yenyewe haigandi upesi.

Mwaka 1926 daktari wa Ufini, jina lake Erik von Willebrand, aliandika habari za jamaa moja ya visiwa vya Åland. Msichana wao, Hjördis, alikuwa akitokwa damu ovyo tangu utoto, na baadhi ya dada zake walikwisha kufa hivyo. Yeye alifariki mwenye miaka 13, katika hedhi yake ya nne tu. Ugonjwa huo, uitwao kwa jina la daktari huyo, hurithiwa na wana wa kike na wa kiume. Si laana, wala si uchawi wa jirani.

Basi, mama, jiulize. Je, binti yangu hutokwa damu puani mara kwa mara? Alipong'olewa jino, damu ilikawia kukoma? Huvilia damu chini ya ngozi bila kugongwa? Mimi au shangazi yake tulitoka damu nyingi tulipojifungua? Mambo hayo yote mwambie mganga wa hospitali bila kuficha. Daktari wa Kabanga au wa Kibondo akiona haja, atampeleka hospitali kubwa, kama Bugando ya Mwanza au Muhimbili. Dawa ziko. Asidi ya traneksamiki husaidia bonge la damu lisiyeyuke mapema, na vidonge vya madini ya chuma humrudishia nguvu. Lakini msichana wa namna hiyo asimeze aspirini wala diklofenaki kwa maumivu ya tumbo, kwa maana huzuia damu isigande. Parasetamoli inafaa zaidi.

Sasa kujifungua. Hapa hata mama mwenye damu nzuri aweza kufa kwa muda mfupi, tumbo la uzazi lisipojikaza. Nusu lita, yaani chupa moja ndogo ya maji ya dukani, ni alama ya hatari; wala msingoje ifike hapo ikiwa mama anatoka jasho baridi au anazimia. Mwaka 2017 ilionekana, katika nchi 21, na Tanzania mojawapo, kwamba ile asidi ya traneksamiki ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua hupunguza vifo vya kutokwa damu karibu kwa theluthi. Saa zikipita, faida inakwisha. Tena mwaka 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania, wakunga waliopima damu kwa mfuko wenye alama na kutoa matibabu yote kwa pamoja walipunguza hatari ya kutokwa damu nyingi mno kwa asilimia 60. Mnaona? Kazi ni kupima na kuwahi. Nyumbani hakuna mfuko wala sindano. Kwa hiyo mama ajifungulie kwa wakunga wa serikali au wa misheni.

Nanyi akina baba, msiseme haya ni mambo ya jikoni. Tengeni nauli mapema, na mpatane na mwenye gari kabla ya mwezi wa tisa. Usiku wa mvua si wakati wa kuanza kuomba. Tena damu ya kuongezewa haitengenezwi kiwandani: hutoka mwilini mwa mtu. Mwanamume mwenye afya aweza kuchangia kila miezi 3, na mwanamke kila miezi 4. Mpango wa Taifa wa Damu Salama huwapokea wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wenye kilo 50 au zaidi. Changieni leo, wakati hakuna mgonjwa nyumbani. Mke wa jirani yako labda anaihitaji usiku huu.