Zafarani ya usingizi? Ifakara tupimiwe kwanza!



Matangazo ya vidonge vya zafarani yamejaa kwenye simu zetu. Eti vinaondoa msongo wa mawazo, vinaleta usingizi, na kwa kuwa ni vya asili basi havina madhara. Maneno haya yakifika Ifakara, mji uliozoea kupima kwanza na kusifia baadaye, siwezi kunyamaza.

Mmesahau vyandarua? Mradi wa KINET ulianza Kilombero na Ulanga mwaka 1996. Watafiti hawakutuambia tuamini tu. Walifuatilia watoto, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Huo ndio ushahidi!

Zafarani nayo ina nini? Sikatai, kuna kitu. Mwaka 2020 lilichapishwa jaribio la Australia la watu wazima 63. Waliomeza miligramu 14 mara mbili kwa siku, kwa siku 28, walisema wanalala vizuri kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini hao walikuwa watu wenye afya njema, na mfadhili alikuwa mtengenezaji wa dawa yenyewe.

Halafu jiulizeni: kilo moja ya zafarani hutaka maua kama 150,000 ya kuchuma kwa mkono, na sehemu kubwa hutoka Iran. Hiyo ya bei chee unayouziwa ni zafarani kweli, au ni manjano? Lebo isiyotaja hata miligramu itakujibu nini? Mama mjamzito, na anayetumia dawa za sonona, wamuulize daktari kwanza.

Mkulima wa mpunga anayekesha kwenye dungu akifukuza nguruwe pori hajakosa zafarani. Aliyepoteza shamba kwa mafuriko ya 2024 huku deni la pembejeo likimsubiri, naye hajakosa zafarani. Na anayekosa usingizi kwa huzuni wiki baada ya wiki huenda anaumwa. Apelekwe hospitali, siyo dukani.

Wauzaji walete takwimu za watu wa bonde hili, kama walivyofanya watu wa vyandarua. Wakishindwa, watuachie hela zetu za mpunga.

Nawasilisha.