Moshi wa Jikoni ni Adui

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mkoloni alikwenda zake, lakini maadui hao hakuondoka nao. Mmoja angali amejificha jikoni, na kila jioni akina mama wa Ipagala humpulizia moto kwa vinywa vyao wenyewe. Adui huyo ni moshi.

Ndugu wananchi, msuli ulio chini ya mapafu ukishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Ukipanda, hewa hutoka. Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vidogo, na humo ndimo damu hupokea hewa safi na kutoa hewa chafu. Njia za pumzi zina ute na vijinywele vya kufagia vumbi, nasi watu wa Dodoma twalijua vumbi. Lakini moshi huvilemaza vijinywele hivyo, na chembe zake ndogo hupita mpaka vifukoni. Ndipo mtoto aliye mgongoni hushikwa na kichomi, na mama yake akifika uzeeni hukosa pumzi ya kubebea ndoo ya maji. Moshi wa sigara nao ni ule ule, ila huo mtu huununua kwa fedha yake.

Wazee wetu wa Kigogo waliwasha moto ndani ya tembe. Hatuwacheki: walijikinga na upepo na baridi, wakalinda mifugo yao. Lakini leo tunajenga kwa tofali na bati, kisha jiko tunalitupa katika kijumba kisicho na dirisha. Hiyo si mila. Ni uzembe wetu sisi wanaume tunaojenga na tusiopika.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati ili ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Ni jambo jema. Lakini gesi ina bei yake, na mtoto anayekohoa leo hawezi kungoja. Basi toboa dirisha, kausha kuni, pikia nje kusiponyesha, na mtoto akae mbali na moto.

Tena, si kila kikohozi ni cha moshi. Kikipita wiki mbili, nenda zahanati ukapimwe kifua kikuu. Si uchawi wala si aibu, na dawa zake hazilipiwi. Aliyezianza asiziache kabla hajamaliza. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977 ulionyesha hapa hapa Tanzania kwamba ugonjwa huu unatibika, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaeneza njia hiyo ulimwenguni.

Tulisema Uhuru na Kazi. Asiye na pumzi hawezi kushika jembe. Kila balozi wa shina na akague majiko ya watu wake, aanze na la nyumbani kwake.